Kishikio cha Nyuzi na Mkono Utakaokitumia

Katika vyombo vyote alivyovibuni binadamu kwa ajili ya kuustiri mwili wake, sidhani kama kipo kilichofanya kazi nyingi zaidi na kusahauliwa upesi zaidi kuliko kile kijiti kinachoshika nyuzi ghafi, za kitani au za sufu, wakati vidole vya msokotaji vinapozivuta kidogo kidogo na kuzigeuza kuwa uzi. Pia ya kusokotea bado ina watu wanaoikumbuka. Gurudumu la kusokotea lilipata taadhima ya kuwa alama ya taifa zima katika Bara Hindi, zama za Mahatma Gandhi. Na kitanda cha mfumi kimeandikiwa vitabu vingi. Walakini kishikio, ambacho hutangulia vyote hivyo katika safari ya nyuzi kuelekea kuwa nguo, aghalabu hakitajwi kabisa. Nimekusudia kukisemea leo, wala si kwa mapenzi ya mambo ya kale peke yake, bali kwa kuwa naamini kwamba mafunzo ya kazi za mikono tunayowapa vijana na vikundi vya akina mama katika nchi zetu huanzia mahali pasipo pake: humpa mtu chombo kilichokwisha kutengenezwa kabla ya kumfundisha kutengeneza chombo, na sijaona kinachofaa zaidi kuurekebisha mwanzo huo kuliko hiki, ambacho hakitaki ila kisu kikali, tawi au tete, na subira.

Msomaji ambaye hajapata kuona uzi ukisokotwa kwa mkono atauliza kishikio kina haja gani, na swali hilo ni la haki. Nyuzi za kitani, zikisha kutengwa na mabua yake na kuchanwa, huwa ndefu, yapata sentimita 60 hadi 90, laini, zenye kuteleza, tena zenye tabia ya kutatizana mara zinapoachwa zilale ovyo; na msokotaji ana mikono miwili tu, mmoja wa kuzungusha pia na mmoja wa kuvuta nyuzi na kuupima wembamba wake, basi hana wa tatu wa kulishika fungu lenyewe. Kazi ya mkono huo wa tatu hupewa kishikio. Fungu la kitani hutandazwa kwanza juu ya mapaja, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, hata likapata umbo la pepeo. Kisha huviringishwa kukizunguka kichwa cha kishikio na kufungwa kwa utepe. Na kishikio chenyewe huchomekwa katika mshipi wa kiunoni, au hubanwa kwapani, au husimamishwa penye kigoda. Tangu hapo vidole huchukua nyuzi chache chache kutoka upande wa chini, vikizilowesha kwa maji, ilhali zilizobaki zimetulia mahali pake zikingoja zamu. Pamba haina haja kubwa ya msaada huo, kwa sababu nyuzi zake ni fupi, za sentimita mbili tatu hivi, nayo husokotwa vizuri kutoka katika kiviringo kidogo kinachokaa kiganjani. Ndiyo maana kishikio kilistawi mno katika nchi za kitani na sufu, yaani Ulaya, Urusi na pande za Bahari ya Mediterania, kuliko katika nchi za pamba kama zetu.

Lakini manufaa yake makubwa hayakuwa katika kuzuia nyuzi zisitatizane tu. Kishikio kiliufanya usokotaji uwe kazi ya kutembea nayo. Katika Zaburi ya Luttrell, kitabu cha sala kilichoandikwa na kutiwa michoro Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, yumo mwanamke anayelisha kuku huku kishikio chake amekibana kwapani, na yamkini mchoraji hakukusudia kutuonyesha ajabu yoyote bali alichora alichokuwa akikiona kila siku. Mchunga kondoo, mwenye chungu motoni, mlezi wa mtoto, msafiri wa kwenda sokoni, kila mmoja wao aliweza kuwa msokotaji bila kuiacha shughuli yake. Kwa maana kabla ya mashine za kusokotea za Hargreaves na Arkwright kutokea katika miaka ya 1760, kila shuka, kila tanga la jahazi na kila sanda ilitokana na uzi uliopita baina ya vidole vya mtu, na kazi kubwa namna hiyo isingaliwezekana kutimizwa na watu walioketi kitako peke yao. Warumi walikitukuza kishikio hata wakakiingiza katika arusi: mwandishi wao Plinius ameandika kwamba bibi arusi aliandamana na kishikio kilichovikwa sufu pamoja na pia yenye uzi wake. Waingereza nao waliiita tarehe 7 Januari kwa jina la kishikio, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wanawake walirudia usokotaji baada ya siku 12 za Krismasi kwisha.

Na kimebaki nini cha kazi hiyo yote? Katika jumba la makumbusho la Aquileia, huko Italia, vimo vishikio vya Kirumi vya kaharabu, vizuri mno, na kwingineko vimepatikana vya mfupa na vya kioo, vingi vyao vikiwa vimezikwa pamoja na wenyewe. Lakini hivyo aghalabu vilikuwa vyombo vya fahari, na vile vya mti na vya tete, vilivyoivika dola nzima, vimeoza. Pwani yetu imepatwa na hasara iyo hiyo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipofukua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, miongoni mwa aliyoyapata vilikuwamo vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo ndivyo vilivyokuwa uzito wa pia za kusokotea pamba; naye msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika habari za nguo zilizofumwa katika mji huo na kupelekwa hata Misri. Kigae kimebaki kwa kuwa ni udongo uliochomwa. Kijiti kilichopita katika tundu lake hakikubaki, wala mti wowote wa kitanda cha mfumi. Hivyo tunaijua hirfa ya wazee wetu kwa kile kisichooza tu, na kile kilichooza, ambacho mtumiaji alikichonga mwenyewe kwa kisu chake, kimetoka katika fikra zetu kana kwamba hakikuwapo. Na nachelea kwamba ndiyo sababu, tunapofikiri habari ya kuwafunza watu kusokota au kufuma, hatufikiri habari ya kuchonga.

Basi na tukitazame kinavyotengenezwa, maana hapa ndipo penye uzuri wake. Kusini mwa Ulaya, katika Italia, Uhispania na Ugiriki, kishikio cha mkulima mara nyingi kilikuwa cha tete, lile tete kubwa linaloota kandokando ya mito na mitaro. Mtengenezaji hukata tete lililokomaa, huliweka kivulini mpaka limepungua maji bila kupoteza unyumbufu, na hulipima litoshe kutoka mshipini hadi karibu na bega lake. Kisha huchagua pingili moja iliyo karibu na ncha, akaipasua kwa kisu katika fito nyembamba zinazokwenda kutoka fundo hadi fundo, bila kuyagusa mafundo yenyewe, kwa kuwa mafundo ndiyo yanayozizuia fito zisitawanyike. Na mwanafunzi hutahiniwa papo hapo, kwani kisu kikizidi nguvu kikalivuka fundo, tete zima limekwenda bure, na kikienda upande, ufito mmoja huwa mnene na mwenziwe huwa dhaifu, na tumbo la kishikio litapinda. Fito zikisha kulainishwa kwa maji hutanuliwa taratibu, na ndani yake husukumwa kizibo, au kijiwe, au pete iliyokatwa katika tete jingine, ili zibaki zimebenuka. Na pingili iliyokuwa mrija imekuwa kizimba chenye tumbo, ambacho kitani au sufu itakaa juu yake bila kuporomoka.

Baada ya hapo ni kusugua, na kusugua ni nusu ya kazi, ingawa wanafunzi wengi wangependa iwe robo. Kibanzi kimoja kidogo kisichoonekana kwa macho hunasa nyuzi kila zinapopita, kikaukata uzi au kikautia fundo, na msokotaji atamaliza siku yake akilaumu sufu ilhali kosa ni la mti. Njia ya kukitambua ni kupitisha fungu dogo la sufu juu ya kila ufito na kila kona: likinasa hata unywele mmoja, pasuguliwe tena. Mianzi ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ile inayogemwa ulanzi, nayo ina pingili na ina mafundo, na hupasuka kwa unyofu mbele ya kisu. Sioni kwa nini kijana wa Njombe au wa Iringa asikifanye kwa mwanzi kile ambacho mkulima wa Calabria, kusini mwa Italia, alikifanya kwa tete.

Kaskazini kwenye misitu ya misonobari, ambako tete kubwa haliko, watu walitazama mti na kuona kishikio kimekwisha kuota. Ncha ya msonobari mchanga hutoa matawi madogo kadhaa kutoka mahali pamoja, yakiuzunguka mti pande zote. Basi huikata ncha hiyo, huimenya ganda ikiwa bado mbichi, huyapinda yale matawi kuelekea juu na kuyafunga pamoja kwenye kilele, kisha huuacha mti ukauke majuma kadhaa katika hali hiyo, na kamba ikifunguliwa matawi hayarudi tena yalikotoka. Warusi wa pande za Vologda, Mezen na Dvina ya Kaskazini walikwenda mbali zaidi. Kishikio chao ni ubao mpana uliosimama juu ya kikalio, na msokotaji hukikalia kikalio hicho ili uzito wa mwili wake uushike ubao usitikisike. Na vile vya zamani vilichongwa katika kipande kimoja, shina la mti likiwa ndilo ubao na mzizi uliopinda kwa pembe mraba ukiwa ndio kikalio, kwa hiyo fundi alilazimika kuzunguka msituni akitafuta mti ambao mzizi wake umekwenda kama atakavyo, na kuuchimba badala ya kuukata. Juu ya ubao zilichongwa nyota na jua, au palitiwa rangi za farasi na ndege na watu walio safarini. Baba alimchongea binti yake. Mposaji alimchongea mchumba wake, akiweka katika mti yale ambayo ulimi wa kijana huona haya kuyasema. Na mwanamke alikichukua chombo hicho nyumbani kwa mumewe na kukitumia mpaka rangi ikafifia pale mkono wake ulipopita. Makumbusho ya Urusi yamejaa vishikio hivyo, nami naona ni haki, maana hapo sanaa na kazi hazikutenganishwa.

Kipo pia cha namna ndogo kabisa, kinachovaliwa kama bangili katika kifundo cha mkono wa kushoto: kitanzi cha kamba chenye kishada kinachoning'inia, na ushanga wa kukipa uzito, ambacho utepe wa sufu iliyochanwa huviringishwa juu yake usiburure chini wala usiingiliane na pia. Mtoto wa shule anaweza kukimaliza kwa kipindi kimoja.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili msomaji aone kwamba vipimo vya kishikio havitoki katika kitabu. Hutoka katika mwili. Mwenye mkono mrefu hutaka kichwa cha kishikio kikae mbali kidogo na kifua. Mwenye mkono mfupi hutaka kikae karibu. Anayesokota akitembea hutaka chepesi cha mshipini, na anayeketi hutaka kizito kisichoyumba. Sufu ngumu hutaka tumbo kubwa la kizimba, na kitani hutaka jembamba. Kiwanda hakiwezi kuyajua hayo, kwa sababu hakimjui mtu. Hutengeneza kipimo kimoja na kumwachia mnunuzi taabu ya kuurekebisha mwili wake. Lakini yule aliyekichonga mwenyewe, akiona baada ya siku mbili kwamba bega lamuuma, hapeleki malalamiko popote: huchukua kisu akapunguza, au hukata tete jingine. Kwake yeye chombo si amri iliyotoka mbali, ni maneno yake mwenyewe, naye ana ruhusa ya kuyasahihisha.

Watakuwapo watakaonijibu kwamba dunia ina mashine, na kwamba kumfundisha kijana wa leo kuchonga kishikio ni kumrudisha nyuma. Jawabu langu ni kwamba usokotaji wa mkono hautalivika taifa, wala mimi sidai hivyo. Nguo za umma zitatoka viwandani, na ni jambo la kusikitisha kwamba sehemu kubwa ya pamba yetu bado husafirishwa ikiwa ghafi. Nadai jambo jingine, kwamba mtu aliyepata kutengeneza chombo kidogo tangu tawi hadi matumizi huitazama mashine kwa jicho tofauti na yule ambaye vyombo vyote vimemjia vikiwa tayari. Wazo hili si langu. Uno Cygnaeus aliiingiza kazi ya mikono katika shule za msingi za Finland kwa sheria ya mwaka 1866, na Otto Salomon wa Sweden, katika chuo chake cha walimu pale Nääs tangu miaka ya 1870, alianza na kisu na kipande cha mti kabla ya chombo kingine chochote, akishikilia kwamba kila anachokitengeneza mtoto kiwe kitu cha manufaa nyumbani. Nchi hizo hazikubaki nyuma katika mashine kwa sababu hiyo. Gandhi naye, katika mkutano wa Wardha wa mwaka 1937, alitaka elimu ya watoto wa Bara Hindi ijengwe juu ya kazi ya mikono, hasa usokotaji kwa ile pia ndogo iitwayo takli. Na Tanzania ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, ilichukua mfano wake Sweden, kwa hiyo haingekuwa ugeni vyuo hivyo vikichukua na kisu cha Salomon pia.

Wala haitakuwa lazima kutafuta sufu mbali. Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wako akina mama waliosokota sufu ya kondoo kwa magurudumu kwa miaka mingi na kufuma mazulia yanayouzwa nje ya nchi. Tena ipo katani, ambayo mkonge wake uliletwa Tanganyika na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf mwaka 1893. Nyuzi zake hufika urefu wa mita moja, na katika kutatizana zina tabia ile ile ya kitani, na wasusi wa vyondo wa Ukambani ambao huzipinda kwa kuziviringisha juu ya paja wanajua vema taabu ya fungu lisilo na mahali pa kukaa. Ningependa kuona chuo kimoja, hapo Tanga au Machakos, kikiwapa wanafunzi wake muhula mmoja wa kuchonga vishikio vya katani vya namna mbalimbali, vya mwanzi na vya tawi, na kuwapelekea wasusi hao wavijaribu, na kuvirekebisha kwa shauri lao mpaka waridhike.

Ninao ujumbe mmoja pia kwa wanaofadhili miradi ya akina mama, ambao nia yao ni njema na sina shaka nayo. Nimekwisha kuona zaidi ya mara moja magurudumu mazuri yamesimama katika pembe ya banda, yamefunikwa gunia, kwa kuwa kipande kimoja cha mti kimevunjika na hakuna katika kikundi aliyefundishwa kukichonga. Fedha zilizonunua gurudumu la mwisho zingalitosha kununua visu, misasa na ujira wa seremala wa kijiji wa kuwafundisha wanakikundi kwa majuma machache, waanze na kishikio, waendelee na pia, kisha wafikie vipuri vya gurudumu lenyewe. Bajeti ya mradi wa namna hii ikiandikwa tena, fungu hilo liwekwe juu ya orodha, kabla ya magurudumu, na vyombo visikabidhiwe mpaka kila mwanakikundi awe amekwisha kusokota uzi wake wa kwanza kutoka katika kishikio alichokichonga mwenyewe.